Kwa nini Wagiriki wa kale waliitafuta nafsi angani

Puliza uji wa moto, utapoa. Hemea viganja vyako asubuhi ya baridi, vitapata joto. Mdomo ni uleule na pumzi ni ileile. Tofauti iko kwenye midomo: ukiibana hewa hutoka baridi, ukiachama hutoka na joto. Jaribu sasa hivi, kiganja kikiwa karibu na uso, ndipo uendelee kusoma.

Katika karne ya 6 KK, mtu mmoja wa mji wa Miletus aitwaye Anaximenes aliliangalia jambo hili dogo akajenga juu yake maelezo ya ulimwengu mzima. Hewa ikibanwa, alisema, hupoa na kuwa nzito: huwa upepo, kisha wingu, kisha maji, kisha udongo, mwisho jiwe. Ikilegea huwa nyepesi, ikazidi kulegea ikawa moto. Basi kila kitu ni hewa moja, iliyobanwa au kulegezwa kwa kiasi chake. Mwalimu wa fizikia wa leo atamkosoa mara moja, maana uji unapoa kwa sababu nyingine kabisa. Lakini tazama alikoifikisha hoja yake. Tumebakiwa na sentensi yake moja maarufu, ambayo kwa Kiswahili ningeiweka hivi: kama vile nafsi yetu, ambayo ni hewa, inavyotushika tusisambaratike, ndivyo pumzi na hewa vinavyouzunguka ulimwengu wote.

Anayeanza kusoma falsafa ya Kigiriki leo hujikwaa hapa. Amezoea kwamba nyota ni kazi ya wanasayansi, na nafsi ni kazi ya shehe, padri au mshauri wa saikolojia. Anakuta watu ambao wanaanza sentensi kwenye kifua cha binadamu na kuimaliza mbinguni, bila kusimama kupumua. Anadhani wamechanganya mada. Hawakuchanganya. Waliliona kuwa swali moja: ni nini kinachofanya kitu kiende chenyewe, na kiende kwa utaratibu?

Maneno yanayotuchanganya

Sehemu kubwa ya mkanganyiko iko kwenye maneno, kwa hiyo tuyashughulikie mapema. Neno lao kosmos lilikuwa na maana ya mpango, na pia pambo. Homer, mshairi wao wa kale, analitumia kwa jeshi lililopangwa vizuri na kwa mapambo anayojitia mungu wa kike. Vipodozi vinavyoitwa kosmetiki madukani vimetoka kwenye shina hilohilo. Kuuita ulimwengu kosmos, basi, ilikuwa tayari ni kutoa hoja: kwamba vitu hivi vyote juu na chini vimepangika, na vimependeza kwa kupangika.

Neno la pili ni psyche, na hili ndilo gumu. Asili yake inahusiana na kupumua. Kwa Homer ni kile kinachomtoka mtu anapokufa, kama sisi tunavyosema fulani amekata roho. Haifikiri, haipendi, haina nguvu. Odysseus, shujaa wa shairi lake, anapoteremka kuzimu anamkuta mama yake, anajaribu kumkumbatia mara tatu, na mara tatu anamponyoka mikononi kama kivuli au ndoto. Psyche hiyo ni mabaki tu. Maisha yenyewe yalikuwa huku juu, kwenye jua.

Wanafalsafa walilichukua neno hili dhaifu wakalijaza. Kwao lilikuja kumaanisha kile kinachokufanya uwe hai badala ya kuwa maiti, na baadaye kile kinachofikiri na kuchagua. Kiswahili kina roho, nafsi, moyo, akili, uhai na pumzi, na kila moja linakamata kipande. Hapa nitatumia nafsi kwa psyche, na roho nitaiweka akiba kwa neno lao jingine, pneuma, yaani pumzi yenye nguvu. Huo si uamuzi wangu peke yangu. Biblia ya Kigiriki inatumia psyche mahali ambapo yetu inasema mtu akawa "nafsi hai", na pneuma mahali tunaposema Roho Mtakatifu. Watafsiri wa Kiarabu nao waligawa hivyohivyo, nao tutakutana nao mwishoni.

Sumaku, mbwa na mlevi

Miletus ulikuwa mji wa bandari kwenye pwani ya Ionia, ambayo leo ni magharibi ya Uturuki. (Jina Ionia ndilo lililozaa Yunani ya Kiarabu, na kwa njia hiyo Wayunani wa Biblia ya Kiswahili.) Thales, anayehesabiwa kuwa wa kwanza kati yao, anakumbukwa kwa kusema kila kitu kimetokana na maji, na kwa simulizi kwamba alitabiri kupatwa kwa jua kunakodhaniwa kuwa ni kule kwa mwaka 585 KK. Mimi hunivutia zaidi jambo la tatu analolitaja Aristotle, mwanafalsafa aliyekuja baadaye: Thales alisema sumaku ina nafsi, kwa sababu inavuta chuma. Ukilisikia kwa masikio ya leo utacheka. Ukilisikia kwa maana ya wakati ule, ni hoja safi. Kitu chenye nafsi ni kitu kinachosababisha mwendo, sumaku inasababisha mwendo, basi. Kutoka hapo hadi kusema kwamba vyote vimejaa miungu, kauli nyingine anayohesabiwa nayo, si mbali.

Mwenzake Anaximander alithubutu zaidi. Aliona dunia inaning'inia katikati bila nguzo wala maji ya kuelea juu yake, na haianguki kwa kuwa iko umbali sawa kutoka pande zote, kwa hiyo haina sababu ya kwenda huku kuliko kule. Tena alisema vitu vinalipana fidia kwa dhuluma vinayotendeana, kwa kadiri ya hukumu ya wakati: joto linadhulumu baridi kiangazi, baridi linadai chake kipupwe. Hiyo ni lugha ya mahakamani, imehamishiwa kwenye majira ya mwaka.

Pythagoras alizaliwa kisiwa cha Samos, akahamia Croton kusini mwa Italia mnamo mwaka 530 KK. Kwake tunapata mambo mawili ambayo kwa mbali hayafanani. La kwanza ni kwamba nafsi haifi, inahama kutoka mwili hadi mwili, hata wa mnyama. Xenophanes, mshairi wa wakati wake, alimfanyia mzaha: eti siku moja alimkuta mtu akimchapa mbwa akamwambia, acha, usimpige, huyo ni nafsi ya rafiki yangu, nimeitambua sauti yake. La pili ni namba. Ukikata uzi wa kinubi nusu, unapata noti ileile ngazi ya juu. Uwiano wa 3 kwa 2 na wa 4 kwa 3 unatoa sauti nyingine zinazopatana. Masikio yanafurahia kitu ambacho kumbe ni hesabu. Wafuasi wake wakasema mbingu nazo zimepangwa kwa uwiano wa namna hiyo. Na kama nafsi inaguswa na muziki, huenda yenyewe pia ina uwiano ndani yake. Hapo yale mambo mawili yanakutana.

Heraclitus wa Ephesus alikuwa mtu wa maneno machache na makali. Kosmos hii, alisema, haikutengenezwa na mungu yeyote wala mwanadamu. Ilikuwako, iko, na itakuwako, moto ulio hai daima, unaowaka kwa kipimo na kuzimika kwa kipimo. Nafsi nayo kwake ina asili ya moto, na afya yake ni kuwa kavu. Ushahidi? Mlevi. Mtu akilewa chakari, anasema, huongozwa na mtoto, anapepesuka, hajui anakokwenda, kwa maana nafsi yake imelowa. Usidhani anatania. Kama ulimwengu ni moto wenye kipimo, mtu anayejitia majimaji kupita kiasi anajiondoa kwenye mpango wa ulimwengu, na dalili yake unaiona njiani usiku. Lakini mtu huyuhuyu ndiye aliyesema pia kwamba mipaka ya nafsi huwezi kuifikia hata ukizipita njia zote, kwa jinsi ilivyo na kina.

Empedocles wa Sisilia nampitia haraka: mizizi minne ya vitu, yaani udongo, maji, hewa na moto, inayounganishwa na Upendo na kutenganishwa na Ugomvi, naye alidai aliwahi kuwa mvulana, msichana, kichaka, ndege na samaki. Democritus wa Abdera anahitaji nafasi kidogo. Kwake kuna atomu na utupu, basi. Nafsi ni atomu pia, za mviringo, nyepesi, zinazopenya kila mahali na kuusukuma mwili. Aristotle anapoeleza fikra hiyo anatoa mfano ambao kila mtu ameuona: chembe za vumbi zinazocheza ndani ya mwale wa jua unaopenya dirishani, zisizotulia hata kama chumba hakina upepo. Hata mtu aliyekataa kabisa kuwa na nafsi isiyo ya kimaada hakuacha kuitafuta kwa njia ya wenzake: ni kitu gani kinatembea chenyewe?

Kwa nini Socrates ameketi gerezani

Mwaka 399 KK Athens ilimhukumu Socrates kunywa sumu. Plato, mwanafunzi wake, ametuachia masimulizi ya siku yake ya mwisho katika kitabu kiitwacho Phaedo, na ndani yake anamfanya msimulizi aseme kwamba Plato hakuwepo, "nadhani alikuwa mgonjwa". Ni kitabu kinachosomwa kama cha kutokufa kwa nafsi. Mimi naona fundo lake liko mahali pengine, pale katikati ambapo Socrates anasimulia ujana wake.

Anasema aliwahi kumsikia mtu akisoma kitabu cha Anaxagoras, aliyefundisha kwamba Akili ndiyo inayopanga vitu vyote. (Ni yuleyule aliyesema jua ni jiwe linalowaka, kubwa kuliko Peloponnese, ile rasi ya kusini mwa Ugiriki, na akapata matatizo na Waathene.) Socrates akafurahi. Kama Akili imepanga, basi kitabu kitamweleza kwa nini ni vema dunia iwe ilivyo na mahali ilipo. Akavitafuta vitabu, akavisoma mbio, akavunjika moyo. Ndani mlikuwa na hewa, maji, mizunguko na takataka za namna hiyo. Akili ilitajwa mlangoni ikaachwa hapohapo.

Ni sawa, anasema, na mtu anayeulizwa kwa nini Socrates ameketi humu gerezani, akajibu: kwa sababu ana mifupa na kano, na mifupa ina viungo, na kano zinajikunja na kujinyoosha. Si uongo. Bila mifupa asingeketi. Lakini ameketi kwa sababu Waathene wameona vema kumhukumu, naye ameona vema kubaki badala ya kutoroka. Hizo kano, anaongeza, zingekuwa zimeshafika Megara au Boeotia zamani kama si uamuzi huo.

Ukilielewa hili umeelewa zaidi ya nusu ya Plato. Mtu anajua kutoka ndani yake tofauti kati ya kile kinachowezesha jambo na sababu ya jambo. Mkono unawezesha kutoa sadaka. Sababu ni huruma. Swali la Plato ni je, ulimwengu nao una sababu za aina hiyo ya pili, au una mifupa na kano tu?

Wageni wawili kutoka Thebes wanambana Socrates mle gerezani. Simmias anauliza: huenda nafsi ni kama sauti ya kinubi kilichokazwa sawasawa, kinubi kikivunjika, sauti inaendelea kuishi wapi? Cebes anasema: huenda nafsi ni kama mfumaji, anayechakaza mavazi mengi maishani, lakini vazi la mwisho linabaki baada yake. Zote ni hoja nzito, na sidhani kama Cebes alijibiwa vizuri. Kwa Simmias jibu ni zuri zaidi: sauti ya kinubi haiwezi kupingana na nyuzi zake, lakini nafsi hupingana na mwili. Mwili una joto na kiu, nafsi inauvuta usinywe. Kila aliyewahi kufunga anaujua mfano huu bila kufundishwa, maji yakiwa pale mezani saa kumi alasiri.

Na kabla ya hoja zote hizo kuna mzaha. Socrates anawaambia: mnaogopa kama watoto kwamba nafsi ikitoka upepo utaipeperusha, hasa mtu akifa siku ya upepo mkali. Cebes anacheka, anakubali kwamba ndani yetu kuna mtoto mwenye hofu hiyo. Nafsi ya Homer, ile pumzi inayoponyoka, bado ilikuwa inawatisha watu baada ya miaka mia tatu.

Kichwa cha mviringo

Plato alijibu swali lake mwenyewe uzeeni, katika Timaeus. Msimulizi anatahadharisha kwamba hii ni hadithi inayoelekea kuwa kweli, usiishike kama ushahidi wa jiometri. Kuna Fundi mwema. Anachukua maada iliyovurugika anaipanga, na kwa kuwa kilicho na akili ni bora kuliko kisicho nayo, na akili haiwezi kukaa pasipo nafsi, anaufanya ulimwengu uwe kiumbe hai kimoja chenye nafsi yake.

Nafsi ya ulimwengu anaipika kweli. Anachanganya viungo ndani ya bakuli, anaunyoosha mchanganyiko kama ukanda, anaupima kwa namba 1, 2, 3, 4, 8, 9 na 27, anajaza nafasi kati yake kwa uwiano wa muziki. Kisha anaupasua kwa urefu vipande viwili, anavipandisha kama herufi X, na kuvipinda viwe miduara. Mduara mmoja ni wa nyota zinazozunguka pamoja kila usiku. Wa pili unagawanywa kuwa njia za jua, mwezi na sayari. Kwa hiyo unapotazama juu usiku, kwa Plato unaona kufikiri. Mzunguko ule usiokosea ndio akili inavyoonekana kwa macho.

Halafu Fundi anarudi kwenye bakuli lilelile. Mabaki yamo, si safi kama mara ya kwanza. Anayachanganya tena na kuyagawa kuwa nafsi nyingi sawa na idadi ya nyota, kila nafsi na nyota yake. Hizo ndizo zetu. Tumetoka sufuria moja na mbingu, ila sisi ni ukoko.

Miduara hiyo ikafungwa ndani ya kichwa, na ndiyo maana kichwa ni mviringo, kwa kuiga umbo la ulimwengu. Mwili ukaongezwa ili kichwa kisibingirike ardhini kikinasa kwenye mashimo na kushindwa kupanda vilima. Naapa hiyo imo. Shingo ni kama ukanda mwembamba wa nchi kavu unaotenganisha nafsi isiyokufa na zile mbili zinazokufa: ile ya ushujaa na hasira kifuani, na ile ya njaa na tamaa chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Mtoto mchanga analia na kurusha miguu kwa sababu mafuriko ya chakula na hisia yamepindua miduara yake. Taratibu inatulia, anapata akili. Macho tumepewa ili tuone mizunguko ya mbinguni, tuitumie kunyoosha ile iliyopotoka vichwani mwetu.

Astronomia, basi, ilikuwa sehemu ya malezi. Waliojifunza hesabu za mbingu walikuwa wakijitibu.

Mgomba una nafsi

Aristotle alikaa kwenye shule ya Plato miaka 20, akatoka na jicho la mtu wa baharini anayepasua samaki kuona ndani. Katika kitabu chake juu ya nafsi anawauliza Wapythagoras swali la fundi: mnasemaje nafsi yoyote inaweza kuingia mwili wowote? Ni sawa na kusema useremala unaweza kuingia kwenye filimbi. Kila ufundi una vyombo vyake, na kila nafsi ina mwili wake.

Kwake nafsi si kitu kilichowekwa ndani ya mwili. Kama jicho lingekuwa mnyama, kuona ndiko kungekuwa nafsi yake. Jicho la sanamu tunaliita jicho kwa jina tu. Kuuliza kama nafsi na mwili ni kitu kimoja au viwili ni kama kuuliza hivyo juu ya nta na chapa ya muhuri iliyomo. Kwa maana hiyo mgomba una nafsi: unajilisha, unakua, unachipua. Mbwa ana hiyo pamoja na kuhisi na kutamani. Binadamu ana hizo pamoja na kufikiri. Nafsi ni jina la kazi ambayo mwili hai unaifanya.

Kisha, bila kutarajia, anasema kuna akili fulani isiyochanganyika na mwili, isiyokufa. Ni mistari michache sana, imeandikwa kwa ufupi wa kukera. Ibn Rushd wa Andalusia, katika karne ya 12, aliisoma kuwa akili moja kwa wanadamu wote. Thomas Aquinas akaandika kitabu kizima kumpinga mwaka 1270. Aristotle mwenyewe hakurudi kufafanua.

Mbingu yake ina tabaka mbili. Chini ya mwezi kuna udongo, maji, hewa na moto, na huko kila kitu kinazaliwa na kuoza. Kuanzia mwezini kwenda juu kuna kitu cha tano, etha, kisichochakaa, kinachozunguka tu. Sayari zimebebwa na matufe yaliyovikana kama maganda ya kitunguu, hesabu yake moja ikifika 55. Nje ya yote kuna kile kinachosogeza bila kusogezwa. Kinasogezaje? Kama kinachopendwa kinavyomsogeza apendaye. Hakisukumi chochote. Mbingu zinazunguka kwa shauku, na hapo nafsi imerudi angani kwa mlango wa nyuma.

Lakini alikuwa pia mtu wa kuangalia. Aliamini dunia ni tufe kwa sababu kivuli chake juu ya mwezi ni mviringo, na kwa sababu nyota zinabadilika ukisafiri: kuna nyota zinazoonekana Misri na karibu na Cyprus ambazo kaskazini hazionekani. Hoja hii mtu wa Dar es Salaam anaweza kuimalizia mwenyewe. Nyota ya kaskazini, inayokaa juu ya Athens usiku kucha, kwetu iko chini ya upeo wa macho, haichomozi kamwe.

Pweza na kidevu cha Chrysippus

Baada ya Aristotle, wanafalsafa wa Athens waligawanyika. Epicurus, bustanini mwake, alirudi kwa Democritus: nafsi ni atomu, mtu akifa zinatawanyika, kwa hiyo kifo hakituhusu, maana kikiwepo sisi hatupo. Aliisoma mbingu kwa lengo moja, kuondoa hofu, na maelezo yoyote ya radi yalimtosha mradi miungu isiingizwe.

Wastoa, kundi jingine la wanafalsafa, waliokusanyika barazani kuanzia mnamo mwaka 300 KK, walikwenda upande wa pili, na nadhani wao ndio waliolifunga swali la Anaximenes kwa ukamilifu kuliko wote. Ulimwengu mzima umepenywa na pneuma, roho ya hewa na moto, iliyokazwa kama uzi wa kinubi. Ndani ya jiwe inalishika lisimeguke. Ndani ya mmea inaukuza. Ndani ya mnyama ni nafsi. Ndani ya mtu mzima ni akili. Ni kitu kilekile kwa viwango tofauti vya mkazo, nao ulimwengu wenyewe ni mnyama mwenye akili, ambaye mara kwa mara huteketea kwa moto na kuzaliwa upya.

Nafsi ya mtu waliifananisha na pweza. Katikati kuna sehemu inayotawala, na kutoka hapo minyiri saba inanyooka: milango mitano ya fahamu, sauti, na uzazi. Hii ingewaelea wavuvi wa Kizimkazi bila maelezo.

Lakini katikati ni wapi? Chrysippus, kiongozi wao wa tatu, alisema moyoni. Moja ya hoja zake ameihifadhi tabibu Galen, ambaye anaisimulia kwa hasira. Sema kwa Kigiriki "ego", mimi: katika silabi ya kwanza kidevu kinashuka, kinaelekea kifuani, kana kwamba kinaonyesha mwenye nyumba. Tena watu wakisema mimi hujigusa kifua.

Wakati huo tayari Herophilus wa Alexandria alikuwa amepasua miili na kuzifuata neva hadi kwenye ubongo. Galen, katika karne ya 2 BK, alilimaliza jambo hilo hadharani kule Rumi kwa nguruwe. Nguruwe amefungwa, anapiga kelele. Galen anakaza uzi kwenye neva za koo. Kelele zinakatika, ilhali mnyama bado anahema na kujitupa. Anaulegeza, sauti inarudi. Sauti inaamriwa kutoka kichwani. Kichwa cha mviringo cha Plato kilipata ushahidi kutoka mahali ambapo Plato asingefikiria kutafuta.

Bakuli linafika Baghdad

Plotinus, aliyefundisha Rumi na kufa mwaka 270 BK, aliligeuza swali lote. Tumezoea kuuliza nafsi iko wapi mwilini. Yeye alisema, akimfuata Plato, kwamba mwili ndio ulio ndani ya nafsi, kama hewa inavyokuwa ndani ya mwanga. Mwanga ukiondoka hewa inabaki gizani, lakini mwanga haukupungua. Juu ya nafsi iko Akili, juu ya Akili yuko Mmoja, na kila ngazi inabubujika kutoka ile ya juu yake.

Katika karne ya 9, sehemu za maandishi yake zilitafsiriwa Baghdad, kwenye kundi la mwanafalsafa al-Kindi, kwa kosa la ajabu: zilisambaa zikiitwa Theolojia ya Aristotle. Kwa miaka mingi wasomi walihangaika kupatanisha Aristotle wa mgomba na Aristotle huyu wa mwanga. Watafsiri hao na waliowafuata waliweka nafs kwa psyche, ruh kwa pneuma, aql kwa nous, yaani akili. Philosophia ikawa falsafa. Matufe ya mbinguni yakawa aflak, kutoka falak.

Maneno haya yalifika pwani yetu kwa vyombo vingine, kwa dini na biashara zaidi kuliko kwa vitabu vya hoja, na kila moja lilishuka na mizigo yake. Anayepiga falaki Lamu anatamka jina la tufe la Aristotle. Akili imebaki karibu na nous. Roho imebaki na pumzi yake, ndiyo maana inakatika. Na nafsi, baada ya safari yote hiyo, imepata kazi ambayo Chrysippus angeifurahia: mtoto wa shule anapojifunza sarufi, anafundishwa kwamba neno "mimi" ni nafsi ya kwanza.